Tovuti za Umma Ziandikwe kwa Maneno ya Anayeuliza



Mwananchi anayehitaji cheti cha kuzaliwa cha mwanawe siku hizi haanzi safari yake kwenye kituo cha basi. Huanza kwenye simu. Huandika maneno mawili matatu, na orodha ya majibu humjia. Atasoma la kwanza, pengine na la pili; ni wachache wafikao mwisho wa orodha hiyo. Kwa hiyo ofisi yenye dhamana ya cheti hicho, hata ikiwa na tovuti yenye nembo na rangi za kupendeza, ikitajwa chini kabisa ni kama haimo. Na nafasi iliyoachwa wazi haikai wazi. Hujazwa na kishoka aliyeandika kwa lugha nyepesi namna ya kupata cheti, akaweka namba yake ya simu, na kutaja bei ambayo serikali haijapata kuiweka.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Kupanda na kushuka kwa tovuti katika orodha ya matokeo aghalabu huhesabiwa kuwa shughuli ya wafanyabiashara wanaogombea wateja, au ya mafundi wa kompyuta. Kwa ofisi ya umma na kwa shule, sehemu kubwa ya shughuli hiyo ni uandishi, na wenye kuandika ni watumishi na walimu wenyewe.

Yafaa kwanza kueleza jinsi mtambo wa kutafuta unavyofanya kazi, kwa kuwa dhana potofu ni nyingi. Mtambo hauzunguki dunia nzima pale mtu anapouliza. Kabla ya hapo programu zake hutembelea kurasa kwa kufuata viungo, husoma yaliyomo na kuyaweka katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo nyuma ya kitabu. Swali likija, mtambo hufungua faharasa hiyo na kuzipanga kurasa kwa kadiri zinavyoelekea kulijibu. Tangazo lililopigwa chapa, likatiwa muhuri, kisha likapigwa picha na kupachikwa kwenye tovuti, machoni pa mwanadamu ni waraka kamili. Kwa mtambo mara nyingi ni picha tu, na maneno yake huweza kupotea yote. Ugonjwa huu umeenea ofisini, na dawa yake haina gharama: maneno yaandikwe kama maneno.

Misingi ya upangaji huo ni ya zamani kuliko tovuti ya kwanza. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtaalamu wa Uingereza aliyefanya kazi Cambridge na ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa shule, alichapisha makala akionyesha kwamba neno linalopatikana katika nyaraka chache lina uzito mkubwa zaidi katika kutafuta kuliko neno lililotapakaa kila mahali. Mtumishi akilitafakari jambo hilo ataona mara moja kasoro ya lugha ya ofisini. Maneno kama "utekelezaji", "mkakati", "wadau" na "uboreshaji" yamo karibu katika kila waraka, hivyo hayautambulishi hata mmoja. "Ankara ya maji", "uhamisho wa mwanafunzi", "kikokotoo": hayo ndiyo maneno yenye kazi.

Miaka 26 baadaye, yaani 1998, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza mfumo wa Google. Waliongeza wazo ambalo wasomi wote wanalijua: andiko hupata heshima kwa kutajwa na maandiko mengine. Kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kikawa kama ushahidi, na ushahidi wa mwenye kuheshimiwa ukawa mzito kuliko wa asiyejulikana.

Penye mizani hapakosi mwenye kutia jiwe. Wako waliorudia neno moja mara mia katika ukurasa, na wako walioandika maneno meupe juu ya karatasi nyeupe ili mtambo uyasome na msomaji asiyaone. Wengine walijaza orodha ndefu ya maneno katika kichwa kilichofichika cha ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba orodha hiyo haiitumii katika kupanga matokeo, na fundi anayedai malipo leo kwa kuijaza anauza mbuzi aliyemo guniani. Mwezi Februari 2011 yalikuja mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakaziangusha tovuti zilizokuwa zikifyatua makala hafifu kama matofali. Mwezi Aprili 2012 yakafuata ya Penguin, dhidi ya viungo vya kununuliwa na vya hila. Mwezi Machi 2024 kampuni hiyo ilikaza kanuni zake dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupata nafasi tu, ziwe zimeandikwa kwa mkono au kwa akili mnemba. Mwenye kuandika jibu la kweli hakuwa na sababu kubwa ya kuhangaishwa na mabadiliko hayo.

Mfano wa kufaa kwa watumishi unapatikana Uingereza. Mwaka 2010 Martha Lane Fox aliishauri serikali ya nchi hiyo ifanye mapinduzi katika huduma zake za mtandaoni, na tarehe 17 Oktoba 2012 tovuti moja, GOV.UK, ilichukua nafasi ya tovuti mbili kubwa zilizotangulia, Directgov na Business Link. Baadaye tovuti za wizara nazo zikahamia humo. Waandishi wake walipewa sharti gumu: ukurasa usiandikwe mpaka ijulikane ni haja gani ya mwananchi inayotimizwa nao, na utumie maneno ambayo mwananchi mwenyewe huyatumia. Ukurasa wao wa sikukuu za kitaifa ni wa kuigwa. Tarehe ya sikukuu inayofuata imewekwa juu kabisa, kwa maandishi makubwa. Msomaji huipata kwa mtupo mmoja wa jicho na kwenda zake. Hakuna salamu za waziri wala picha ya uzinduzi. Bila shaka wako maofisa ambao ukurasa wa namna hiyo ungewanyima usingizi.

Kiswahili nacho kina jambo lake. Katika Kiingereza neno hubadilika zaidi mwishoni, lakini Kiswahili hulibadilisha mwanzoni: cheti na vyeti, shamba na mashamba, kuhamisha na anahamishwa. Mitambo mikubwa imepata ujuzi zaidi wa lugha, hasa tangu 2019, ila bado mwandishi anafanya busara akitumia umbo la umoja na la wingi mahali panapofaa, bila kulazimisha. Kubwa zaidi ni pengo kati ya jina la ofisini na jina la mtaani. Ofisini husemwa "Namba ya Utambulisho wa Taifa". Mtaani ni "namba ya NIDA". Aliyeandika la kwanza peke yake amemwacha nje muulizaji wa la pili. Yote mawili yawemo, na lile la wananchi liwe kwenye kichwa cha habari. Kuhusu vichwa, ni ajabu kukuta tovuti yenye kurasa chungu nzima zenye jina moja, "Tangazo kwa Umma". Mtambo utatofautishaje, ikiwa hata mtunza masjala hawezi?

Upande wa walimu neema ni kubwa zaidi. Kurasa nzuri za Kiswahili zinazoeleza masomo ni chache, na mwanafunzi wa shule ya msingi anayetafuta "usanisinuru" hukuta aghalabu ufafanuzi wa mistari miwili ulionakiliwa kutoka mahali hadi mahali. Mwalimu aliyefanya jaribio la jani darasani ana la kusema kuliko hayo. Anajua kwamba mmea hukaa gizani kwanza, kwamba sehemu ya jani hufunikwa kabla ya kuwekwa juani, kwamba spiriti hupashwa moto ndani ya maji ya moto kwa kuwa hushika moto upesi, na kwamba iodini huipa rangi ya buluu iliyoiva sehemu iliyopata mwanga. Anajua pia mahali ambapo wanafunzi hukosea. Mwezi Desemba 2022 Google iliongeza uzoefu wa mwandishi katika mwongozo wa watu wanaoikagulia ubora wa matokeo yake. Daftari la maandalio la mwalimu wa namna hiyo, likiandikwa upya kwa uangalifu, lina thamani ambayo kunakili hakuwezi kuileta, na shule nyingine zitaweka viungo kuelekea kwake bila kuombwa.

Lipo pia suala la kurasa zilizozeeka. Ada ikibadilika, ukurasa ule ule usahihishwe. Kuandika mpya na kuuacha wa zamani kando yake ni kumpa mwananchi bei mbili na kumwachia kishoka achague. Kubadili tarehe bila kubadili yaliyomo ni ulaghai mdogo ambao hautakiwi katika ofisi ya umma. Ukurasa pia ukaguliwe kwenye simu, maana Google hutegemea umbo lake la simu.

Yeyote anayeahidi nafasi ya kwanza aogopwe; Google yenyewe imeonya kwamba hakuna awezaye kuihakikisha. Matunda ya marekebisho huweza kuchukua wiki au miezi. Kazi inaweza kuanza kwenye dirisha la mapokezi, ambako maswali yale yale huulizwa kila asubuhi. Karani ayaandike kwa wiki mbili, neno kwa neno kama yalivyotamkwa. Mtunza tovuti naye achukue kutoka chombo cha Google kiitwacho Search Console, ambacho hutolewa bure, orodha ya maneno yaliyowaonyesha watu kurasa za ofisi. Orodha hizo mbili zikilinganishwa mezani, itaonekana ni maswali gani hayajapata ukurasa.