Nyanya Anapovuka Malaba

(Maneno ya mwalimu mmoja wa makazi haya ya Kiryandongo, mbele ya wakaazi na wageni, siku ya kukumbuka kuwasili kwetu Uganda.)



Nimepewa dakika kumi, na Mwenyekiti amenionya kwamba walimu hawajui dakika kumi ni ngapi. Niliombwa niseme juu ya elimu. Kwa ruhusa yenu nitasema juu ya nyanya na babu wanaotutembelea kila Desemba, maana jambo hili linagusa nyumba nyingi na sijaliona katika ajenda ya mkutano wowote.

Krismasi ya 2007 nyanya yangu alikuja kututembelea. Alikuja na kuku mmoja, kiondo cha njahi na nguo moja ya kubadilisha, kwa kuwa alikusudia kuona mwaka mpya tu kisha arudi kwake. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27, matokeo yakatangazwa tarehe 30. Usiku uliofuata tulikuwa njiani kwenda Malaba.

Walioivuka Malaba siku zile wanaikumbuka: malori yamesimama, na katikati yake watu na magodoro, na watoto wameshikana mikono ili wasipotee. Nyanya alivuka nyuma ya baiskeli ya boda boda. (Jina hilo, kwa vijana wasiojua, lilizaliwa kule mpakani, Busia na Malaba, kwa waliobeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi nyingine.) Kijana yule hakudai nauli. Tulilala katika shule ya msingi upande wa Uganda, kisha tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Huko nyanya aliandikishwa pamoja nasi. Mtu aliyekuja kula Krismasi akawa mkimbizi.

Viongozi walipotia sahihi mapatano, tarehe 28 Februari 2008, yeye aliomba kurudi. Sisi tulihamishiwa huku mwaka huo huo. Alifariki miaka minne baadaye, na sikumzika.

Wazazi wangu nao walirudi nilipokuwa chuo cha ualimu. Mimi nilibaki kwa sababu zangu, ambazo wahusika wanazo kwenye faili. Kwa hiyo sasa nyanya wa watoto wangu ni mama, naye ndiye anayevuka. Tangu 2014 raia wa Kenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na hilo limewasaidia wazee sana. Lakini bado ni safari. Wengine hupitia Kampala, zaidi ya kilomita 400 kutoka Malaba hadi Bweyale. Mama anaiogopa Kampala, hivyo huzunguka Mbale, Soroti, Lira na Karuma, akibadilisha magari na nauli ya Krismasi ikipanda kila stendi. Jirani yangu mmoja alimngojea baba yake siku mbili mwaka juzi. Mzee alikuwa amepoteza kitambulisho, akarudishwa mpakani pamoja na mbuzi wake.

Mama akifika, siku ya kwanza ni furaha na ya pili ni mabishano. Binti yangu ana miaka 12, amezaliwa hapa. Anasema "posho", mama anasema "ugali", na kila mmoja anadhani mwenziwe amekosea. Lugha ya nyumbani hana. Ana Kiswahili, Kiingereza cha shule, na Kiacholi alichookota uwanjani. Nyanya yake humfundisha maneno matatu kila jioni, na mimi mwalimu nakaa kando nikiona aibu.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia safari, mama aliniambia: "Mwanangu, nipe huyu mtoto wiki mbili tu. Aone shamba. Aone kaburi la nyanya yako." Nilikataa. Nilimwambia akikosekana siku ya kuhakiki majina anaweza kufutwa kwenye kadi. Nilimwambia kwamba hati ya kusafiria ya mkimbizi kwa kawaida hairuhusu kwenda nchi uliyoikimbia. Hayo ni kweli. Lakini niseme wazi mbele yenu, sababu kubwa ilikuwa woga wangu mwenyewe. Mama hakujibu kitu. Alikunja lesso yake akalala.

Baadaye nilisoma. Mkataba wa 1951 unasema ukimbizi hukoma mtu anapojirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, au anaporudi kukaa huko. Lakini kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha 1979 kinatofautisha anayekwenda kumwona mzazi mzee au mgonjwa na anayekwenda mara kwa mara kwa likizo au biashara. Nakubali kwamba kutofautisha si kuruhusu. Ndiyo maana nawaomba ndugu wa mashirika na ofisi ya kamanda watupe jibu kwa maandishi, lisomwe kwenye mkutano: mtoto aliyezaliwa hapa akienda na nyanya yake wiki mbili, nini kinampata yeye, na nini kinampata mzazi wake? Tumechoka kujibiwa na uvumi wa kisimani.

Na kwa Kamati, ombi dogo. Wanaotazamia wazee Desemba waandikishe majina kwa katibu mapema, ili mtu mmoja atumwe Malaba kuwapokea kwa pamoja, na wasiachwe stendi usiku. Nauli yake tuchange. Mimi natoa ya kwanza leo.

Mama hununulia watoto viatu pale Malaba akivuka, kwa kipimo cha uzi tunachomtumia kila Novemba. Mwaka jana uzi ulichelewa na viatu vikabana. Safari hii binti ameukata mapema, akauacha mrefu kidogo, akisema mguu utakuwa umekua nyanya atakapofika.