Amplifaya ya Zamani ya Gitaa: Kabla ya Kuikabidhi kwa Fundi



Huenda mada yetu ya leo ikaonekana kuwa ya watu wachache. Kijana anayeanza kujifunza gitaa siku hizi hununua amplifaya nyepesi ya transista, na zile nzito za valvu zimetoweka katika kumbi nyingi. Hata hivyo hazijaisha. Zimebaki katika stoo za bendi, makanisani, na majumbani mwa wapiga gitaa wastaafu au warithi wao. Katika enzi za bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na mpiga gitaa hakulazimika kujua kilichomo ndani ya sanduku. Leo mwenye amplifaya ya aina hiyo ni mtu binafsi. Ndiye anayeichomeka ukutani, na ndiye anayemlipa fundi. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tuzungumze kwanza juu ya uhai wake, kisha juu ya fedha zake.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo hupashwa moto kwa ndani ili umeme upite na kukuzwa. Ili ifanye kazi, huhitaji umeme mkali kuliko ule wa ukutani: katika amplifaya nyingi za gitaa ni kati ya volti 300 na 500. Umeme huo huchujwa na kapasita kubwa, na kapasita huhifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Kuchomoa plagi hakuumwagi mtungi. Amplifaya iliyozimwa inaweza kuwa bado na umeme wa kuua, wakati mwingine kwa muda mrefu. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tahadhari ambayo wengi tumefundishwa, ya kuchomoa kwanza ndipo ufungue, haitoshi hapa. Msiondoe kifuniko cha nyuma ili kutazama tu.

Hatari ya pili haihitaji hata kufungua. Amplifaya nyingi za Kimarekani za miaka ya 1950 na 1960 zilitengenezwa na plagi ya pini mbili, bila waya wa kuupeleka umeme ardhini. Ndani yake iliwekwa kapasita ndogo kati ya njia ya umeme wa ukutani na fremu ya chuma, ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikiharibika na kupitisha umeme moja kwa moja, fremu yote hupata umeme, na kwa kuwa waya wa gitaa umeungwa na fremu, nyuzi zilizo chini ya vidole vya mpigaji hupata umeme pia. Akigusa kipaza sauti kilichounganishwa na ardhi, mwili wake ndio unaokuwa njia. Ajali za umeme jukwaani si hadithi za kutishia watoto. Mwezi Mei mwaka 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, nchini Uingereza, alipogusa kipaza sauti ambacho hakikuwa kimeunganishwa vizuri na ardhi.

Basi kazi ya kwanza ya kumwagiza fundi, hata kama amplifaya inalia vizuri, ni kuondoa kapasita hiyo, kuweka waya wa umeme wenye nyuzi tatu, na kuufunga ule wa ardhini imara kwenye fremu. Wako wakusanyaji watakaowaambia kwamba mkifanya hivyo mnapunguza thamani ya chombo cha kale. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Wakati huohuo someni kibandiko cha nyuma: iliyoandikwa volti 117 au 120 haipaswi kuchomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230, bali kupitia transfoma ya kupunguza yenye uwezo wa kutosha.

Sasa tuje kwenye fedha. Mteja huambiwa mara nyingi kwamba valvu zote zimekufa, na valvu ni ghali, kwa kuwa siku hizi hutengenezwa katika nchi chache tu, zikiwemo Urusi, Slovakia na China. Lakini mngurumo mzito usiokoma kwa kawaida hutokana na kapasita za kuchuja, ambazo hukauka kwa umri hata kama chombo kimekaa kabatini tu. Mikwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti ni uchafu, na husafishwa. Valvu ndogo, kama ECC83, huweza kudumu miaka mingi. Zinazochoka mapema ni zile kubwa za mwishoni, mfano zile EL84 nne za Vox AC30. Valvu inayoshukiwa hupimwa kwa kuweka nzima mahali pake. Fundi asiyefanya hivyo anabahatisha kwa mfuko wenu.

Kipuri cha kuogopewa zaidi ni transfoma. Ile ya kutolea sauti inaweza kuungua mkipiga gitaa wakati spika haijaunganishwa. Ile ya umeme huungua pale mtu anapochoka na fyuzi inayokatika na kuweka kipande cha waya. Fyuzi inayokatika kila mara inaeleza kosa lililopo. Mwulizeni fundi ni kosa gani.

Mwulizeni pia namna atakavyoiwasha kwa mara ya kwanza. Aliyezoea kazi hii atawaambia kwamba huupitisha umeme kwanza katika balbu ya kizamani ya waya. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna mahali umeme unapita pasipotakiwa, naye huzima kabla ya kitu kuungua. Tumeona kwamba wanaojibu swali hili bila kusita ni wazee waliotengeneza redio za valvu, na huenda mmoja wao yupo mtaani kwenu, amekaa bila kazi.

Kabla ya kumwachia, pigeni picha za chombo na namba zake. Takeni makisio ya gharama kwa maandishi, yakitenganisha vipuri na ufundi, na mwandike kwamba hataongeza kazi bila idhini yenu. Vipuri vilivyotolewa ni mali yenu: daini mrudishiwe vyote, zikiwemo valvu, kwa sababu valvu nzima ya zamani ina wanunuzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kauli za uongo au za kupotosha katika biashara. Anayedai amebadilisha kipuri ambacho hakukigusa amekwenda kinyume chake, na kipuri cha zamani pamoja na stakabadhi ndivyo vitakavyowasaidia mnapoleta malalamiko kwetu.

Siku ya kuichukua, nendeni na gitaa. Pigeni kwa nusu saa palepale, kwa sauti mnayoitumia ukumbini, kwa maana hitilafu nyingine hazijitokezi mpaka valvu zipate moto. Ndipo mlipe.