UKAME NA SAFARI ZA WATU NDANI YA NCHI YAO
Hotuba kwa wakulima na wafugaji



Leo twapenda kusema nanyi habari ya ukame na watu wanaohama kwa ajili yake. Hatusemi habari za wavukao mipaka ya nchi, bali za wale waondokao wilaya moja na kwenda nyingine, maana hao ndio wengi. Mtu akikosa mvua haanzi kwa kwenda ng'ambo. Huenda kwanza kwa shemeji yake, au kwenye bonde lenye maji, au mjini kutafuta kibarua.

Tutazame Ugogo. Huko Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, nayo kwa mwaka ni kama milimita 600 hivi. Ikikatika katikati ya msimu, uwele na mtama hukauka, wala hapana msimu wa pili wa kungojea. Kwa hiyo wazee wa huko walijua tangu zamani kuhemea, yaani kwenda mbali kununua chakula au kukifanyia kazi, kisha kurudi nacho. Tena mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa rafiki na jamaa wa mahali mbalimbali, ili ukame wa mahali pamoja usimmalizie mali yake yote.

Lakini tangu 1917 hata 1920 ilikuwako njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, katika vita ile kubwa, yalikuwa yamekwisha kutwaa ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kuchukua mizigo. Kisha mvua ikakosa. Yakadiriwa kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Liangalieni sana neno hili: Wagogo walikuwa wameuzoea ukame. Kilichowaua si ukosefu wa mvua peke yake, bali ni kukutwa na ukame mikono mitupu. Asiye na ng'ombe wa kuuza hawezi kuhemea.

Wengi hudhani kwamba jua likizidi watu wote huondoka. Sivyo. Katika Kagera, ingawa si nchi kavu kama Ugogo, wataalamu waliandika habari za nyumba nyingi tangu 1991 hata 1994, wakawatafuta watu wale wale tena mwaka 2004 na 2010, hata wale waliokwisha hama. Wakaona mambo mawili. La kwanza, waliohama walifanikiwa kuliko ndugu zao waliobaki. La pili, joto lilipozidi na nyumba zikapungukiwa, wanaume waliohama hawakuongezeka, bali walipungua. Kwa nini? Kwa sababu safari yataka nauli, na chakula cha njiani, na kitu cha kuanzia maisha. Basi kijiji kilichotulia wakati wa ukame si lazima kiwe kijiji chenye shibe. Huenda kimefungwa na umaskini.

Wenye mali nao wana taabu yao. Wafugaji wengi wa Kisukuma walitoka Shinyanga na Mwanza na makundi yao kutafuta malisho, wakafika Usangu na Rukwa. Hawakusukumwa na ukame peke yake. Mashamba na mifugo kwao vilikuwa vimezidi na nafasi imepungua. Mwaka 2006 serikali ikaamuru wafugaji waondoke Usangu ili kuyalinda maji ya mto Ruaha Mkuu, na wengi wao wakaenda Lindi na Pwani. Hivyo mtu aliyehama kwa kutafuta maji alihamishwa tena kwa ajili ya maji.

Haya basi, tufanyeje? Kwanza, mwenye ng'ombe auze wachache mapema, wangali wanono. Ukame ukikaza kila mtu huuza, bei ya ng'ombe hushuka na ya nafaka hupanda. Akiba haiozi. Pili, aendaye kutafuta kazi aiache nyumba na nafaka ya kutosha, tena apatane na mkewe nani atakayeamua kuuza mbuzi yeye akiwa hayupo. Maana mzigo wa ukame humwangukia abakiye. Tatu, atakaye kuhama na mifugo atume kwanza watu waonane na wazee wa huko aendako na serikali ya kijiji, wala asifike na kundi ghafula katika mashamba ya watu.

Nanyi viongozi, mnapohesabu wahitaji wakati wa njaa, msiwahesabu walio njiani tu. Pigeni hodi pia katika nyumba ambazo hakuna aliyeondoka.