Pingili ya Muhogo Hubeba Mizigo Miwili

 Leo nimekuja na pingili moja ya muhogo mkononi. Urefu wake ni sentimita 25 hivi, na ina macho saba. Wewe ukiitazama unaona mbegu. Mimi nikiitazama naona mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni urithi wa mmea, na mzigo wa pili ni ugonjwa, kama upo. Nitaieleza yote miwili, lakini kwanza nitawasimulia kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika kijiji kimoja cha pwani. Mihogo ya watu ilikuwa imeshikwa na batobato, majani yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Nikaona shamba moja lenye majani ya juu safi kabisa. Nikawaambia wanakijiji, "Chukueni pingili hapa." Mama mmoja mjane alizichukua akapanda ekari nzima. Alipalilia vizuri, mihogo ikasimama, na wapita njia wakamsifu.

Mwezi wa kumi na mbili akaniita. Aling'oa shina mbele yangu, akalikata zizi kwa panga. Nje lilikuwa nene na zuri, lakini ndani lilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Akakata la pili, vile vile. Shina la pili, la tatu, vile vile. Akaniuliza, "Bwana shamba, kulima nimelima, palizi nimefanya. Nimekosea wapi?" Sikuwa na la kumjibu ila kwamba aliyekosea ni mimi.

Ule ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mimi nilitazama majani ya juu tu, nikitafuta batobato. Michirizi ya kahawia haikunji majani. Dalili zake hutokea kwenye majani ya chini, yaliyokomaa: manjano yanayofuata mishipa ya jani. Mtu akiyaona husema majani yamezeeka. Hata mimi nilisema hivyo.

Sasa tuje kwenye mzigo wa kwanza, yaani urithi. Mtoto wa binadamu huchukua nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Ndama naye ni hivyo hivyo, na mbegu ya mahindi pia. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani. Muhogo nao hutoa maua na mbegu ndogo ngumu, na ukizipanda mbegu hizo, kila mche utakuwa na tabia zake. Lakini sisi hatupandi mbegu, tunapanda pingili. Pingili haina baba wala mama. Ni kipande cha mmea ule ule. Kama shina mama lilikuwa tamu, hilo nalo litakuwa tamu. Kama lilikuwa dhaifu mbele ya ugonjwa, udhaifu huo umeupanda shamba zima.

Watafiti ndio wanaotumia zile mbegu ndogo. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1894, tena kutoka nchi hii hii, wakati wa Wajerumani. Katika miaka ya 1930, pale Amani, kwenye milima ya Usambara, watafiti Storey na Nichols walitafuta muhogo wa kuishinda. Walipokosa muhogo wenye nguvu ya kutosha, waliujaribu mpira, ule mti wa porini ulio ndugu ya muhogo. Wakapandisha chavua ya huu kwa huu.

Machotara wa kwanza walikuwa na nguvu dhidi ya batobato, lakini mizizi yao haikuwa ya kuliwa. Basi wakawarudisha kwa muhogo, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, kila mara wakichagua miche iliyobaki na nguvu ya mpira na kupata mizizi ya muhogo. Ni kama mfugaji anayempandisha ng'ombe wa kienyeji kwa dume la maziwa kizazi baada ya kizazi, akichagua ndama.

Kazi hiyo ilisimama Amani mwaka 1957, lakini uzao wake haukupotea. Mbegu zilikuwa zimekwisha pelekwa Nigeria, na huko Ibadan zikazaa mihogo mingine. Baadhi ya mihogo hiyo ilirudi Afrika Mashariki, ikapandwa Uganda katika miaka ya 1990 batobato kali ilipomaliza mashamba. Na si hiyo tu. Upo muhogo mmoja wa Amani ambao wakulima wa pwani ya Kenya waliushika wakauita Kaleso. Huku kwetu kusini, wakulima walikuwa na muhogo wao, Namikonga. Watafiti walipousoma urithi wa Kaleso na Namikonga waliona kuwa ni muhogo mmoja wenye majina mawili, nao huvumilia sana michirizi ya kahawia. Wakulima waliutunza kwa jembe, mwaka hadi mwaka, kwa sababu waliona mizizi yake haiozi.

Siku hizi mtaalamu huchukua kipande cha jani la mche mchanga na kusoma ndani yake kama mche huo umerithi nguvu dhidi ya batobato. Zamani ilimbidi asubiri mche ukue na kuugua.

Lakini ndugu zangu, na ugonjwa nao una urithi. Batobato kali ya Uganda haikuja bure. Virusi vya batobato vya aina mbili viliingia katika mmea mmoja, vikachanganya urithi wao, na kikazaliwa kirusi kipya kikali kuliko wazazi wake. Nzi weupe wakakieneza. Batobato ilipodhibitiwa, kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikapanda mpaka nchi za juu, na mihogo mingi iliyoishinda batobato ikaangushwa na ugonjwa huu wa pili. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ameleta mbegu ya kumaliza magonjwa yote. Nguvu dhidi ya ugonjwa mmoja si nguvu dhidi ya mwingine.

Hapa ndipo penye mzigo wa pili. Virusi vikishaingia kwenye shina, pingili zake huweza kuondoka navyo. Nzi mweupe hupeleka ugonjwa shamba la jirani, lakini mtu mwenye mzigo wa pingili kwenye baiskeli huupeleka wilaya nyingine kwa siku moja. Kazi ya urithi ni ya mtafiti, kazi ya mzigo huu wa pili ni yako wewe na mimi. Basi shika haya.

Kwanza, kagua shamba la kuchukulia mbegu lingali na majani. Inama, tazama majani ya chini. Tazama na shina: ukiona michirizi ya kahawia kwenye sehemu yake ya kijani, liache.

Pili, usichukue pingili kabla ya kung'oa. Ng'oa shina, kata kila zizi mahali kadhaa, si mahali pamoja, kwa maana uozo huweza kuwa katikati tu. Ukiona kahawia ndani, usipande pingili za shina hilo, hata kama ni nene namna gani.

Tatu, baada ya kupanda, pita shambani kila juma katika miezi mitatu ya mwanzo. Mche wenye dalili ung'oe, uufukie au uuchome. Utaona uchungu, lakini mche mmoja huo utaambukiza mingine.

Nne, kama shamba tayari limeugua, usingoje mwaka na nusu. Vuna mapema, maana kadiri mizizi inavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi.

Tano, ulizia aina inayovumilia magonjwa ya eneo lako, na nunua kwa mzalishaji ambaye shamba lake limekaguliwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu. Aina nzuri yenye ugonjwa si mbegu nzuri.

Yule mama nilimrudia. Msimu uliofuata nilimtafutia pingili safi za Kiroba, nikazibeba mwenyewe mpaka shambani kwake. Aliponiona alizikagua moja moja kabla ya kunipa kiti. Alipovuna, jirani yake alikuja kuomba mbegu. Hakumpa papo hapo. Alishika panga, akang'oa shina, akakata mizizi yote mbele ya macho ya jirani, kisha akamwambia, "Haya, sasa chukua."

Ndugu mkulima, hata mimi bwana shamba nikikuletea pingili, niambie kwanza nikuonyeshe mizizi. Kwaherini, na msimu mwema.