Nani Ataimba Humu?
Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya jubilii

 

Nimepewa dakika kumi, na mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa. Mnajua kwamba kamati ya maendeleo imeomba kila kikundi kitoe maoni kuhusu jengo hili: libomolewe tujenge jipya kubwa, au litengenezwe. Kwaya imenituma niseme kwa niaba yake. Mabati yetu na nyufa zetu kila mmoja anazijua, kwa hivyo naomba niwapeleke kwanza kwenye mji mmoja mdogo wa Marekani uliokutana na swali kama hili mara mbili, katika makanisa mawili, na kila kanisa likapata mwisho wake.

Mji huo ni Columbus, jimbo la Indiana. Madereva wa malori walioko hapa wanaujua kwa kazi yake, kwa sababu injini za Cummins zilianzia huko. Aliyeiongoza kampuni hiyo kwa miaka mingi, J. Irwin Miller, alikuwa mtu wa kanisa hasa, mlei wa kwanza kuwa rais wa Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini mwake. Kanisa la familia yake, First Christian, lilimwita msanifu majengo kutoka Finland, Eliel Saarinen. Mwaka 1942 likafunguliwa jengo ambalo wengi hawakulitambua kuwa kanisa: kuta zilizonyooka, paa bapa kama la ofisi, na mnara wa matofali wa pembe nne, wenye urefu wa mita 50 hivi, kando yake.

Mwaka 1955 baadhi ya washirika walitoka wakaanzisha kanisa lao, North Christian. Walipotaka kujenga, walimwendea mwana wa yule mzee, Eero Saarinen. Eero alikuwa na kazi kubwa kubwa mkononi, lakini alimwambia Miller kwamba siku atakaposimama mbele ya Mtume Petro angependa kusema kuwa kanisa hili dogo ni mojawapo ya kazi zake bora. Alifariki mwaka 1961 akiwa na miaka 51. Jengo lilikamilika 1964 bila yeye kuliona.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wanakwaya. Jengo lina pembe sita. Paa linaanza chini karibu na ardhi, linapanda pande zote, kisha linachomoza kuwa mnara mwembamba kama sindano, karibu mita 58, na msalaba wa rangi ya dhahabu nchani. Watu wa mjini walilitania kwamba ni kopo la mafuta, lile la mdomo mrefu tunalotilia mafuta kwenye cherehani. Ndani, meza ya Bwana haiko mbele. Iko katikati kabisa, na imeundwa kwa vipande vinavyokumbusha mitume kumi na wawili, kimoja kikiinuka zaidi kumkumbusha Kristo. Mwanga huishukia kutoka tundu lililo chini ya mnara. Viti vinaizunguka meza, na kwaya imekaa katika mzunguko huohuo pamoja na kinanda chake cha mabomba. Mwimbaji akiinua macho anaona nyuso za washirika wenzake ng'ambo ya meza. Kwangu mimi hilo linapita uzuri wa mnara. (Waliowahi kuingia Basilika ya Familia Takatifu pale Nairobi, kazi ya mama Dorothy Hughes ya miaka hiyohiyo, watakumbuka kwamba hata kwetu wasanifu walithubutu.)

Mwaka 2000 serikali ya Marekani ililipa North Christian heshima ya juu kabisa ya majengo ya historia. Mwaka 2019 wakfu wa Getty ulitoa dola 150,000 za kupanga namna ya kulihifadhi. Ungedhani limeokoka. Lakini washirika walikuwa wakipungua mwaka baada ya mwaka, na gharama za kulitunza hazikupungua nao. Mwaka 2022 wale waliobaki walifunga kanisa. Jengo limehifadhiwa, halikubomolewa. Limekabidhiwa maktaba ya umma ya kaunti. Nashukuru kwa hilo. Hata hivyo sidhani kuna mwanakwaya anayeweza kuisikia habari hiyo na moyo wake utulie.

Kule kwa baba yake, mnara wa First Christian ulichakaa hadi ukawa hatari. Ukarabati wake ulihitaji zaidi ya dola milioni 3. Washirika hawakuwa na uwezo huo peke yao, wakaita mji mzima, harambee ya Kizungu tuseme, pesa zikapatikana na mnara ukatengenezwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba pale palikuwa bado na watu wa kuita.

Nirudi nyumbani. Kuna wanaosema vijana wanatukimbia kwa sababu jengo ni kuukuu. North Christian haikuwa kuukuu machoni pa mtu yeyote, na bado viti vilibaki vitupu. Jengo jipya halitatuletea sauti ya tatu. Maoni ya kwaya, tuliyopigia kura baada ya mazoezi, ni kwamba hili litengenezwe. Mabati yaliyo juu ya sauti ya nne yabadilishwe kabla ya mvua za masika, maana maji yakishafika kwenye mbao, bei ni nyingine. Nyufa za ukuta wa madhabahu zikaguliwe na fundi mwenye cheti, si jamaa ya mtu. Pesa zitakazobaki kwenye mchango, tunaomba zinunue kinanda kidogo cha mazoezi ya watoto, Jumamosi saa nane mchana, humu ndani. Najua mzee wa ratiba hajakubali saa hiyo. Tunazidi kumwomba.

Fomu za kwaya ya watoto ziko kwa mweka hazina wetu, karibu na mlango wa kando. Hadi asubuhi hii zilikuwa zimejazwa kumi na moja.