Daftari la Wodi na Uhai wa Utafiti

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Gehandu)



Nimeombwa niseme habari za utafiti wa tiba: kwa nini vituo vyake huanza kwa shangwe, kisha aghalabu hufifia. Hatuna haja ya kwenda mbali. Mfano tunao katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955.

Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wa Haydom walifundishwa kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipojaribiwa kwa mwanasesere walifanya vema. Walakini wodini desturi zao hazikubadilika. Jambo hili lilijulikanaje? Palikuwa na watu wa utafiti waliokaa zamu usiku na mchana, wakiandika kila mtoto alisaidiwaje, na baada ya muda gani. Wasingaliandika, ripoti ingalisema mafunzo yamefaulu.

Basi mwaka 2011 yakaanzishwa mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, humo humo wodini. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hata 7.2 katika kila watoto 1,000. Maarifa hayo yakaenezwa: kati ya 2021 na 2023 vituo 30 vya mikoa 5, Manyara ukiwamo, vilifuata njia hiyo, na vifo vya watoto wakati wa uchungu au punde baada ya kuzaliwa vikashuka kutoka 15.3 hata 12.5 katika kila 1,000.

Yatupasa kufahamu, basi, kwamba kituo cha utafiti si jengo wala mtambo. Ni mwandishi wa zamu, daftari lake, na wakubwa wanaolisoma na kubadili amri zao. Mwandishi akilipwa kwa fedha za mradi tu, mradi ukiisha naye huondoka. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Pengine mtu atauliza: dawa hazitoshi, ya nini kulipa waandishi? Nami namjibu: asiyehesabu waliokufa hajui ni dawa gani iliyopungua.

Kwa hiyo, tunapotengeneza bajeti ya Halmashauri, tuombe mshahara wa mwandishi huyo uwekwe karibu na ule wa mkunga. Nawe uliyekabidhiwa daftari la zahanati, lijaze siku ile ile, wala usibuni tarakimu ili ukurasa ujae.