Maji Yanapomwagwa Kabla ya Kupimwa: Kutambua Chanzo cha Vifo vya Ghafla vya Samaki wa Mapambo Majumbani

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wafugaji na wauzaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna ya kutambua kinachoua samaki ghafla kwenye matangi ya nyumbani. Maelezo haya ni ya kitaalamu. Hayakusudii kulaumu duka, kada wala taasisi yoyote, ikiwamo ninayotoka.

2. Maana ya maneno

Kifo cha ghafla, kwa mada hii, ni samaki wengi kufa ndani ya saa 24 ilhali jana yake walikula vizuri. Ubora wa maji ni joto, oksijeni, pH na taka zilizoyeyuka. Mzunguko wa naitrojeni mnaujua: samaki hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa naitraiti, bakteria wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti, na tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ndipo bakteria hao watoshe. Hapo sitakaa.

3. Tatizo lenyewe

Mteja wa kawaida anayetuletea samaki tuwachunguze hufika asubuhi na kopo la aiskrimu. Ndani mna samaki wawili waliokwisha kuvimba. Ukimuuliza maji ya tangi yako wapi, jibu huwa ni lilelile: "Nimeyamwaga, Daktari. Tangi nimelisugua kwa jiki, nimeshatia maji mapya." Amefanya usafi wa kupigiwa mfano, na kila tulichokihitaji amekifuta. Samaki aliyelala usiku kucha kwenye maji ya nyuzi 28 ameshaoza, na mashavu yake, ambayo ndiyo yangetueleza mengi, hayasomeki tena. Kinachobaki ni kubahatisha, na kubahatisha huishia kwenye dawa. Hapo ndipo huwa nakasirika, Mwenyekiti aniwie radhi.

Imani iliyoenea ni kwamba samaki akifa alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wa madoa meupe unaua kweli, lakini haufagii tangi zima kwa usiku mmoja. Mwenye kuangalia samaki wake atayaona madoa siku kadhaa kabla. Samaki wakifa kwa mkupuo, wa kushukiwa kwanza ni maji.

Namna walivyokufa nayo inasema. Wakifa alfajiri, wakubwa wakatangulia na wadogo wakabaki wanahema juu ya maji, oksijeni iliisha. Maji ya nyuzi 28, hata yakishiba hewa, hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 8 kwa lita; umeme ukikatika saa nne usiku na tangi limejaa samaki, akiba hiyo haifiki asubuhi. Mashavu yakiwa na rangi ya chokoleti, tafuta naitraiti. Wakifa muda mfupi baada ya kutiwa maji ya bomba, tafuta klorini. Wakianza kurukaruka na kupinduka jioni, uliza nani amepuliza dawa ya mbu. Nyumba zetu hupuliziwa magharibi, milango ikafungwa, na pampu ya hewa iliyo chumbani humo ikaendelea kuvuta dawa na kuisukuma majini. Pairethroidi zilizomo huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Hakuna chupa ya dukani itakayotibu hilo.

Nikae kidogo kwenye amonia. Vipimo vya dukani huonyesha amonia yote kwa jumla. Inayoua hasa ni ile isiyo na chaji, na wingi wake hutegemea pH na joto. Tuseme kipimo kimesoma miligramu 1 kwa lita kwenye maji ya nyuzi 25. pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu kali haifiki 0.01. Ikiwa 8, ni kama 0.05, na mashavu huanza kuumia. Ikiwa 9, inakaribia 0.36. Rangi ya kipimo ni ileile kwenye matangi yote matatu. Sasa waangalie samaki wetu wenyewe wa Ziwa Tanganyika, Tropheus na jamaa zake, waliozoea pH inayokaribia 9. Mwenye tangi la namna hiyo hana pa kuzembea. Na anayemshauri mtu apandishe pH kwa siku moja kwenye tangi lililojaa taka, eti samaki hawa wanataka maji ya ziwani, anamuulia.

Umeme una mtego wa pili. Kichujio cha kopo (canister) kikisimama kwa saa nyingi, bakteria waliomo hukosa oksijeni na kufa. Umeme ukirudi, maji yaliyovunda ndani yake husukumwa tangini. Mwenye samaki hutuapia kwamba walikuwa wazima gizani wakafa taa zilipowaka, kwa hiyo wamepigwa shoti. Maji ya siku hiyo yangemaliza ubishi kwa dakika kumi.

Niongeze, kwa tahadhari, kwamba fomu yetu ya kupokelea sampuli ina nafasi ya aina ya samaki, idadi na anwani ya mteja. Ya maji haina. Nimeliwasilisha suala hili zaidi ya mara moja na naelewa linashughulikiwa kwa taratibu zinazohusika.

4. Mapendekezo

Kwanza, maji yasimwagwe. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, isiyowahi kutiwa sabuni, izamishe tangini, ijaze pomoni, ifunge ikiwa chini ya maji, iweke kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo.

Pili, samaki anayekata roho ana faida kuliko aliyekufa. Aletwe hai ndani ya maji yake. Aliyekufa akae kwenye barafu lakini asigandishwe, kwani kuganda huharibu seli tunazozichunguza.

Tatu, dawa isitiwe kabla ya kupima. Dawa za shaba huua konokono na kamba, na kwenye maji laini huwageukia samaki wenyewe. Antibiotiki zaweza kuua bakteria wa kichujio, amonia ikapanda, na mteja akarudi kununua chupa ya pili. Wauzaji, mnanielewa.

Nne, kila duka liwe na vipimo vya amonia, naitraiti na pH, na vyote visomwe pamoja. Amonia bila pH ni nusu ya jibu, kama nilivyokwisha kusema.

Tano, maji ya bomba yapulizwe hewa kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima au yatiwe sodiamu thayosalfeti. Ya kisima nayo yapulizwe, maana mara nyingi hutoka ardhini na oksijeni kidogo na kaboni dayoksaidi nyingi. Ibadilishwe robo ya maji ya tangi, si yote. Sponji ya kichujio isuuzwe kwa maji ya tangi, isipelekwe bombani.

Sita, umeme ukikatika samaki wasipewe chakula. Maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu, tena na tena. Kichujio cha kopo kifunguliwe na kumwagwa kabla ya kuwashwa upya.

Saba, pampu ya hewa izimwe na tangi lifunikwe kabla ya kupuliza dawa ya mbu. Chumba kikishapata hewa, iwashwe mara moja.

Nane, narudia kwa makusudi: maji yasimwagwe, hata kama samaki wameshazikwa na watoto wanalilia tangi lisafishwe.

Tisa, fomu iongezwe mistari ya joto, pH, siku maji yalipobadilishwa, saa umeme ulipokatika na kilichopulizwa chumbani. Hadi itakapobadilishwa rasmi, maofisa wayaandike hayo nyuma ya karatasi.